Kadi Kwenye Usukani

Mmeniaga kwa keki, kadi kubwa yenye picha ya spana, na birika la umeme, kama vile nyumbani kwangu hatujui kuchemsha maji. Kisha mkaniomba niandike maneno machache ya kuwatia moyo vijana wa gereji. Vijana wenyewe wana vipara! Mimi sina maneno ya kumtia mtu moyo. Nina yaliyonipata kazini tu, na nitayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Waswahili hapa mmeshafika watano na hakuna aliyewahi kuwaandikia chochote zaidi ya karipio la kuegesha vibaya. Asiyejua lugha amtafute mwenzake amsomee. Mimi nimesomewa mambo kwa Kiingereza miaka thelathini na sikufa.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Kazi hii niliianzia Tabora, kwenye karakana ya jeshi, nikiwa msichana wa Tanga ambaye hajawahi kushika hata jeki. Nilipelekwa pale kwa makosa. Orodha ilikuwa na kina Zuhura wawili, mmoja wa jikoni na mmoja wa magari, na karani akatubadilisha. Yule mwenzangu aliyejua magari akaenda kusonga ugali wa kambi nzima, nami nikasimamishwa mbele ya Sajini Ngonyani. Alinitazama mikono kwanza, kisha uso.

"Unajua nini kuhusu lori?"

"Najua likikupita linakuachia vumbi, Afande."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nibaki, maana mtu asiyejua kitu ni nafuu, huna haja ya kuanza kwa kumtoa ujinga aliofundishwa na wengine. Kosa la karani halijasahihishwa hadi leo.

Sajini Ngonyani alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na kulikuwa na mambo mawili ambayo hungemtoa hata kwa winchi. La kwanza ni kwamba breki zinakuja kabla ya injini. Gari lisilowaka, alisema, halijawahi kumuua mtu. Lori likiingia karakanani kutoka safari, alivua saa yake, akaweka kiganja juu ya dramu ya kila gurudumu, moja baada ya nyingine, kama mama anayempima mtoto homa. Dramu yenye moto kuliko wenzake ndiyo yenye maneno ya kusema. Alinifundisha kupima hivyo kabla hajanifundisha majina ya spana.

La pili lilikuwa kadi. Lori likiwekwa stoo, hata kwa mwezi mmoja, aliyeliweka aliandika kadi na kuifunga kwa uzi kwenye usukani. Aliandika nini kimetolewa, nini kimemiminwa, nini kimepakwa na wapi. Chini kabisa aliandika jina lake kamili. Herufi mbili tupu hazikukubaliwa, wala sahihi ya mkunjokunjo.

"Kwa nini jina zima, Afande?" nilimuuliza.

"Ili atakayekuja baadaye ajue amtukane nani."

Miaka ile vitu vilikuwa adimu. Tulipoweka lori stoo tulimwaga mafuta ya breki yote, kwa sababu yakikaa muda mrefu yananyonya maji na kuleta kutu. Kisha tulifungua silinda za breki na kupaka ndani mafuta ya nyonyo, yale yale wanayokamua kina mama na kuyauza sokoni. Silinda ikabaki bila kutu, na mipira yake midogo, ile inayozuia mafuta yasivuje, ikabaki laini. "Mipira ya breki inadeka," Sajini alituambia. "Haitaki petroli, haitaki dizeli, haitaki oili ya injini wala kitu chochote cha ukoo huo. Ikiguswa tu inavimba, na ikivimba imekuzika." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Nayaandika hapa ili baadaye asije mtu akasema labda sikufundishwa.

Nilivyofika Birmingham ni habari ya ndoa, na ndoa yenyewe ilishakwisha, basi tuiache. Nilikuja kuomba kazi hapa Saltley kwa Mzee Ted, babake Colin tunayefanya kazi chini yake sasa. Asubuhi ya kwanza mmoja wa mafundi alinipokea mlangoni, akanionyesha ndoo na mopu zilipo. Nikapokea ndoo. Nikaigeuza chini juu, nikaikalia, nikaanza kufungua gurudumu la lori lililokuwa karibu. Nilipoinuka saa ya chai, breki za upande mzima zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyeniuliza tena habari za mopu. Mzee Ted alipita, akaweka kiganja juu ya dramu, akaguna. Nikajua nimefika kwa watu wangu.

Kilichotaka kunifukuza ni baridi. Dawa ya kusafishia breki inakausha ngozi, na baridi ya hapa inaipasua. Mwezi wa kwanza vidole vyangu vilichanika vikatoka damu. Nikanunua kopo la mafuta ya mgando Alum Rock Road, nikaliweka kwenye sanduku langu la vifaa, na kila saa ya chai nikajipaka mikono mpaka viwiko kama mtoto anayetoka kuogeshwa. Walinicheka weee! Kufika baridi ya pili nikawa nakuta alama za vidole vya wanaume ndani ya kopo langu. Nikaanza kununua kopo kubwa zaidi.

Kesi ngumu zimekuwa nyingi, nitawapa moja tu ndogo kabla ya ile kubwa. Kwaya moja ya Lozells ilikuwa na basi dogo ambalo breki zake zilikuwa zinagoma kila Jumapili, na Jumatatu zinapona. Gereji tatu zililibadilishia kila kitu. Mimi nikawaambia sitaki kuliona Jumatatu, lileteni Jumapili hivyo hivyo mkiwa mmejipamba. Wakaja na vitenge vyao. Nikafungua mlango wa dereva, nikakuta kipande cha zulia zito chini ya pedali. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anakitandika kila Jumapili ili viatu vizuri vya dereva visichafuke. Pedali ilikuwa haina pa kushukia! Tangu siku hiyo sikubali kumpima mgonjwa siku aliyopona.

Sasa lori.

Baadhi yenu mlilikuta hapa: lori la jeshi la zamani, tani nne, rangi ya kijani iliyochoka, mali ya kikundi cha wazee waliokuwa askari. Miaka sita iliyopita walipoteza banda lao, wakapata nafasi kwenye ghala la mkulima nje ya mji. Mzee Ted akanipa kazi ya kuliandaa kwa kukaa. Nilibadilisha mipira yote ya breki nikaweka mipya, nikamwaga mafuta, nikapaka silinda, nikaandika kadi kama nilivyofundishwa Tabora, kwa Kiswahili, maana mkono wangu ukiandika mambo ya kadi haujui lugha nyingine. Nikaifunga kwenye usukani, na lori likaenda zake. Mzee Ted akafariki mwaka uliofuata, Colin akarithi gereji, na lori likasahaulika.

Mwaka huu wazee wakalitaka. Kulikuwa na maandamano yao Perry Barr, nao walitaka kupanda nyuma ya lori na medali zao, wale ambao miguu haiwezi tena kutembea. Kazi ya kuliamsha akapewa Bahati.

Bahati mnamjua, lakini wageni watakaosoma hawamjui. Ni mtu wa Uvira, Kongo, alifika mji huu kama mkimbizi, ana mke na watoto wanne, na amekaa gerejini kwetu miaka kumi na moja. Nilimfundisha breki mimi. Kiswahili chake na changu vinakutana njiani na kusalimiana, kila kimoja na kofia yake. Bahati akajaza mafuta mapya, akatoa hewa kwenye mabomba, pedali ikawa ngumu na nzuri. Jumanne akalitoa barabarani, Colin akiwa pembeni yake.

Walikwenda salama. Waliporudi, kwenye mteremko wa kuingia getini kwetu, Bahati akakanyaga pedali ikazama mpaka chini kama amekanyaga tope. Hakukuwa na breki hata kidogo. Akavuta breki ya mkono, akarudisha gia, akalikwaruza lori kwenye ukuta wa geti makusudi mpaka likasimama juu ya mapipa ya taka ya jirani. Hakuna aliyeumia. Colin aliteremka mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Umeacha hewa kwenye mabomba," akamwambia Bahati mbele ya watu wote. "Ungetuua. Ungewaua wale wazee."

"Nilitosha hewa mara tatu, patron. Mara tatu!" Bahati akanigeukia mimi. "Mama Zuhura, kweli ya Mungu, mara tatu. Pédale ilikuwa nguvu. Ile camion iko na kichwa nguvu tu." Kwao kutosha ni kutoa, na camion ni lori.

Colin akaamuru Bahati asiguse breki ya gari lolote, ashike ufagio, na Ijumaa mchana atapewa barua yake. Barua ya nini, kila mtu alielewa. Na fundi aliyefukuzwa kwa breki, katika mji huu ambao mafundi wote wanajuana, nani atamchukua?

Nikamfuata Colin ofisini. Nikamwambia anipe lori mpaka Ijumaa.

"Zuhura, bab," akaniambia. Bab ni neno lao la kubembelezana, hata polisi wa hapa wanakuita hivyo. "Umebakiza siku kumi. Kaa, kunywa chai yako."

"Sijafa," nikamwambia. "Ufunguo."

Jumatano asubuhi nikapanda, nikakanyaga pedali. Ngumu kama jiwe! Hapo hapo nikajua Colin amekosea. Hewa ikiwa ndani ya bomba haina saa za kazi, hailali asubuhi ikaamka mchana. Ingekuwa hewa, pedali ingekuwa mbovu asubuhi, mchana na jioni. Kitu kilichopotea Jumanne kikarudi Jumatano kilikuwa kinahitaji joto. Nikakumbuka basi la kwaya. Nikaamua kumfanya mgonjwa augue tena.

Nikalizungusha lori ndani ya uwanja wetu, taratibu, nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia. Baada ya robo saa likaanza kuwa zito kana kwamba linavuta jumba. Nikashuka, nikavua saa. Dramu ya kwanza moto. Ya pili moto. Zote nne moto, sawa kwa sawa, mpaka nilinyanyua kiganja haraka. Ingekuwa moja ningelaumu gurudumu. Zikiwa zote nne, shida iko pale zinapotoka pamoja.

Nikaliinua kwa jeki nikajaribu kuzungusha magurudumu. Yamekaza. Pedali nimeiacha, mguu wangu uko chini, na breki bado zinabana! Nikalegeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, ya gurudumu moja. Mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka huru. Basi si chuma kilichonasa, ni mafuta yaliyokwenda na kukataa kurudi. Nikakaza nipo, nikakanyaga tena, magurudumu yakabana tena. Safari hii nikalegeza bomba kule mbele, pale linapotoka kwenye masta, ile silinda kuu iliyo chini ya pedali. Yote manne yakaachia kwa mpigo.

Nikakaa juu ya ndoo yangu nikacheka peke yangu. Mnaelewa? Masta ina kitundu kidogo cha kurudishia mafuta ukiachia pedali. Kitu kilikuwa kinakiziba. Breki zinabaki zimebana kidogo, lori linakwenda likijisugua, dramu zinawaka, mafuta yanachemka, na mafuta yanayochemka hugeuka mvuke. Ukikanyaga mvuke pedali inazama. Likipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta na pedali inakuwa ngumu, na fundi aliyelijaza anaonekana mwongo.

Alhamisi nikafungua masta. Mpira wa ndani ulikuwa umevimba, laini, unateleza vidoleni kama andazi lililodondokea kwenye chai. Ukingo wake ndio uliokuwa unafunika kitundu.

Mpira mpya hauvimbi hivyo bila kuguswa na kitu kibaya. Kama Bahati alijaza mafuta yasiyofaa, basi Colin alikuwa na haki naye kwa sababu nyingine. Nikachukua mafuta yale kutoka kwenye masta, nikayadondosha kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida huyeyuka majini, na oili huelea juu. Yakayeyuka yote, safi. Nikaweka mpira mpya kwenye kikombe cha mafuta kutoka kopo lile lile alilotumia Bahati, nikauacha ulale humo.

Bahati alikuwa karibu yangu na ufagio wake, anafagia sehemu moja kwa mara ya kumi.

"Si wewe," nikamwambia. "Kuna mafuta ya aina nyingine yaliyoigusa mipira hii. Na yaliigusa kabla yako."

Nilitegemea afurahi. Aliacha kufagia, akanitazama, akatazama chini.

"Kwenye usukani kulikuwa na kadi," nikamwambia. "Niliifunga mwenyewe. Iko wapi?"

"Kadi gani, Mama? Sikuona kadi."

Nikaondoka nikiwalaani panya wa ghala la mkulima. Nataka muone ujinga wangu ulipokuwa. Nilikuwa nimelipekua lori zima kwa siku mbili, nikashuku joto, chuma, mabomba na mafuta ya Bahati. Upande mmoja tu sikuutazama: siku lilipowekwa stoo. Kwa nini niutazame? Niliyeliweka ni mimi, na mimi sikosei.

Ijumaa asubuhi mpira wangu kwenye kikombe ulikuwa vile vile, haukuvimba hata kidogo. Nikafungua silinda za magurudumu. Mipira yote imevimba. Saa ya chai nikafuta mikono, nikafungua sanduku langu, nikachovya vidole viwili kwenye kopo la mafuta ya mgando.

Nikabaki vidole vimo ndani ya kopo.

Ule mtelezo! Nilikuwa nimeushika tangu jana. Vidole vyangu viliutambua kabla ya kichwa, na kichwa kilipofika kilikuja na siku nzima, Ijumaa moja ya miaka sita nyuma, Mzee Ted akiita kwamba gari la kubebea lori limeshafika, na mimi nimeshika mkebe wa grisi nyekundu ya mipira ya breki, ile ya hapa inayoshika nafasi ya nyonyo, mtupu. Mafuta ya nyonyo sina. Dukani ni mwendo. Na kopo langu liko pale. Nikajiambia, kinachonilainishia mikono hakiwezi kudhuru kampira. Nikapaka. Silinda zote, masta na magurudumu, kwa ukarimu kama namwandaa bibi harusi. Mafuta ya mgando yanatoka kwenye petroli, jamani! Ni ukoo ule ule Sajini alioutaja. Mtoto wa jikoni angejua kuuliza. Mimi nilikuwa fundi, sikuuliza.

Niliona aibu. Nilitaka sakafu ifunguke. Kisha nikakumbuka uso wa Bahati jana, na aibu ikageuka hasira, nikamfuata kwenye kona ya matairi.

"Nipe kadi."

Hakubisha. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akaitoa, imekunjwa mara nne. Mwandiko wangu. Mipira mipya. Mafuta yametolewa. Silinda zimepakwa mafuta ya mgando. Na pale chini, penye jina, karatasi ilikuwa imechanwa.

"Uliisoma lini?"

"Siku niliyolileta niliiweka tu mfukoni. Nilisoma juzi, kisha patron kunipa ufagio."

"Na jina?"

"Nililipasua, Mama. Nikalitupa." Akanyanyua macho. "Weye unabakisha siku saba. Banakutayarishia fête, banakununulia gâteau. Utatoka hapa na jina mubaya? Miye nitatafuta kazi ingine. Njo weye ulinifundisha hii kazi."

"Nani kakuomba?" Nilipaza sauti mpaka watu wakageuka. "Nani kakuomba unifiche? Nina miaka zaidi ya arubaini nalala chini ya malori, nimekuwa mwali wa kufichwa leo? Una watoto wanne, Bahati! Unataka wale keki ya sherehe yangu?"

Mimi nikaanza kulia, na naliandika hili kwa sababu watano mliniona. Ilikuwa hasira. Na ilikuwa mapenzi pia, kwa mtu aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu ili mimi nikatiwe keki.

Saa sita nikaingia ofisini bila kubisha hodi, nikiwa na mpira uliovimba mkono mmoja na kadi mkono wa pili, na Bahati nyuma yangu. Barua yake ilikuwa mezani. Nikaeleza kila kitu. Kadi nikamsomea neno kwa neno, kwa lugha yake. Colin si mtu mbaya, ni mtu wa haraka. Alisikiliza, akaukunja uso, kisha akaichana barua na kuisukumia ndani ya droo.

"Sawa," akasema. "Bahati anabaki. Kwenye ripoti ya wazee nitaandika uchakavu. Lori la zamani, vitu vya zamani. Imekwisha."

"Mipira ilikuwa mipya. Niliiweka mimi, nikaiharibu mimi. Andika hivyo."

"Zuhura, bab, kwa nini ujiharibie sasa? Hakuna anayehitaji kujua."

"Colin," nikamwambia, "Jumanne ulikuwa tayari kumharibia mtu ambaye hakukosa, na ulimsemea mbele ya watu. Leo aliyekosa amekuja mwenyewe, unamtafutia pa kujificha. Kwa sababu gani? Kwa sababu unanipenda? Basi nipende na kosa langu. Andika jina."

Nikachukua kalamu yake mezani, nikaweka kadi ile juu ya karatasi zake, na pale palipochanwa, kwenye kipembe kilichobaki, nikaandika jina langu upya, herufi ndogo ndogo mpaka likaenea. Kisha nikampa kalamu. Akaandika.

Saa ya chai ya alasiri nikamngoja aseme na la pili, nikamkodolea macho mpaka akasimama. Alimwomba Bahati radhi mbele ya wote, sentensi mbili, masikio mekundu. Bahati akamwambia, "Si neno, patron," akaenda kutupa ufagio.

Lori tulilitengeneza wawili. Tuliosha mabomba, tukasafisha silinda, tukaweka mipira mipya na ile grisi nyekundu, mkebe mzima, nimekaa juu yake nisije nikashawishika. Bahati akajaza, akatoa hewa mara nne, ya nne kwa kunikomesha mimi. Siku ya kulijaribu akaendesha yeye, Colin pembeni, mimi nyuma nimeshika chuma. Mteremko wa geti tuliushuka mara kumi, na kila mara lilisimama pale alipotaka lisimame. Nikashuka, nikavua saa, nikaweka kiganja. Vuguvugu, zote nne, sawa kwa sawa. Na Jumapili wazee walikwenda na medali zao Perry Barr, Bahati kwenye usukani na tai shingoni, wala hakuna aliyeuliza tena habari za breki.

Kuna mmoja wenu alisema kwenye sherehe yangu kwamba ingekuwa vizuri kumaliza kazi bila doa. Mimi doa langu nimelitundika. Kadi ile iliyochanika iko ukutani juu ya sinki, na Colin akiitoa mnipigie simu.

Lori limerudi ghalani baada ya maandamano, na kwenye usukani nimefunga kadi mpya, upande mmoja Kiingereza, upande mmoja Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nimeandika nani alibadilisha mipira, nani alijaza na kutoa hewa, grisi gani imetumika, na kosa gani lilifanyika zamani. Siku mtakapolitoa tena, pedali ikizama, msimrukie aliyeshika usukani. Someni kwanza. Jina liko chini, kamili, pande zote mbili: Zuhura binti Mbaruku. Nyumbani kwangu mnapajua, na birika lenu linachemsha vizuri. Njooni mnitukane.